Mizani ya Dhahabu na Bomba la Sindano

Mnunuzi wa dhahabu pale Chanika, Handeni, alinitazama kwa shaka nilipomwomba mizani yake. "Mwalimu, umeokota nini?" Nikamwambia nataka kupima maji. Alicheka mpaka wateja wakageuka, lakini akaniazima. Mizani ile husoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na ndiyo iliyoniokoa, maana mashine ya kutengeneza peptidi, ukiivua majina yake makubwa, ni mkono wa kupima vimiminika usiochoka.

Peptidi ni mnyororo wa asidi amino. Mwaka 1963 Bruce Merrifield wa New York alionyesha njia rahisi ya kuuunga: asidi amino ya kwanza unaifunga kwenye punje za resini, unaongeza ya pili, unaosha, unaivua kofia ya kemikali inayoikinga, unaosha tena, unaongeza ya tatu. Mnyororo umeng'ang'ania punje, kwa hiyo masalia yanatoka na kiyeyusho. Miaka michache baadaye alikuwa na mashine iliyoendeshwa na ngoma yenye vijiti, kama kisanduku cha muziki. Mwaka 1969, yeye na Bernd Gutte waliunga kimeng'enya chenye asidi amino 124, kazi ya hatua 11,931. Nani angeosha kwa mkono mara zote hizo?

Kwetu mambo haya si mageni. Chanjo ya malaria SPf66 ya Manuel Patarroyo wa Colombia, ambayo kipande chake cha msingi kina asidi amino 45 zilizoungwa kikemia, ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, Kilombero. Matokeo ya 1994 yalitaja kinga ya asilimia 31. Majaribio ya baadaye kwingineko yakavunja matumaini. Korogwe nayo ilikuwa kimojawapo cha vituo 11 vya jaribio kubwa la RTS,S lililoanza 2009, ingawa protini ya chanjo hiyo hutengenezwa na hamira, wala si kwa mashine ya namna hii.

Basi, mashine yangu. Nilianza na pampu moja tu, na wewe fanya hivyohivyo. Mota ya stepa nilinunua, kwani zile za printa mbovu nilizofungua zilikuwa dhaifu. Mzunguko wake mmoja ni hatua 200. Nikaiunganisha na fimbo ya nyuzi ya M8, ile ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila mzunguko inasogeza nati milimita 1.25. Bomba langu la sindano la mililita 20 lina kipenyo cha ndani cha milimita 20 hivi, kwa hiyo mzunguko mmoja unasukuma karibu mililita 0.39. Fremu ni vipande vilivyobaki kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Kilichonipeleka Korogwe ni kiungo cha mota na fimbo: kinataka kuchongwa kwenye mashine, maana kikipinda kidogo fimbo inayumba na mota inakwama.

Hapo ndipo mizani ilipoingia. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, tofauti ya joto letu haisumbui. Niliiamuru pampu itoe mililita 5 mara ishirini, nikapima kila mara. Mara nyingine 4.98, mara nyingine 4.71. Kosa lilikuwa nati iliyolegea: pampu ikigeuka kutoka kuvuta kwenda kusukuma, sehemu ya mzunguko wa mwanzo inapotea bure. Nikaweka nati mbili na springi katikati, na nikaandika programu ivute kupita kiasi kidogo kisha irudi, ndipo ipime. Usidharau tofauti hizo. Kemikali ikipungua au kuosha kukiwa kwa haraka haraka, kila muungano unakosa kidogo: ukifaulu kwa asilimia 99, mnyororo wa asidi 30 unakuachia robo tatu ya mazao, ukifaulu kwa 95, unabaki na chini ya robo.

Umeme ulikatika usiku, katikati ya duru ya saba ya kuongeza na kuosha, na uliporudi pampu haikujua iko wapi. Ikasukuma mpaka ikang'oa kishikio. Tangu hapo kuna swichi ndogo mwishoni mwa reli: pampu ikiwashwa, kwanza inarudi kuigusa. Duru iliyokamilika inahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya Arduino, kompyuta ndogo inayoiendesha pampu.

Mpaka sasa nimeendesha maji ya rangi tu. Kiyeyusho halisi, DMF, kinavimbisha mpira mweusi wa bomba na kula plastiki za aina nyingi, hata zile za koki za dripu ninazotumia kuelekeza maji. Utahitaji bomba lisilo na mpira na mirija ya teflon. Piperidini ya kuvulia kofia ni sumu na inadhibitiwa, na asidi ya kutenganisha mnyororo na punje inaunguza vibaya. Hizo ni za maabara yenye kabati la kuvuta hewa, msimamizi na usajili wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Jikoni hapana. Na kitakachotoka humo hakidungwi mtu.

Koki ya tatu bado inavuja matone mawili kila duru. Fundi wa Korogwe ameomba nimletee shaba nyeupe achonge nyingine. Mizani nimeirudisha, na mwenyewe aliuliza, "Maji yamefika karati ngapi?"