Gari la pili, Migori hadi Homa Bay

Swali: Naishi Migori, na nimehamishiwa shule iliyo Homa Bay. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Gari la nyumbani ni kubwa, linanimaliza kwa mafuta. Ninunue lipi dogo la bei nafuu?

Jibu: Mwalimu, tuanze na hesabu. Gari la kilomita 8 kwa lita linakunywa lita 15 kwa siku. La kilomita 15 kwa lita linatumia 8. Kwa siku 22 za kazi, unaokoa lita 154 kila mwezi.

Ningechukua Toyota Vitz au Mazda Demio, injini ya 1300. Ile ya 1000 yatosha mjini, ila ukikwama nyuma ya trekta la miwa pale Awendo utaijutia. Probox ni ngumu kama punda na spea zake hazisumbui, lakini nyingi za huku zimeshapiga kazi ya matatu, abiria wamebanana hadi butini. Tazama pedali ya breki: mpira ukiwa umelika hadi chuma kinang'aa, na dashibodi inasoma kilomita 70,000, ondoka.

Gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa Kenya, kwa hiyo la bei yako utalipata kwa aliyelitumia humu humu nchini. Thibitisha jina la mwenyewe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kutoa hata shilingi. Na usitumie pesa zote kununua. Bakisha za matairi manne na oili ya giaboksi.