Katika Kuijua Dhuluma ya Wazee na Kuiondoa

Yatakikana ijulikane ya kwamba katika Marekani wazee wengi wasiojiweza hukaa katika nyumba za kuwauguzia, wakatunzwa na watumishi wa ijara. Kumpeleka mzazi huko si kumtupa; huenda mwana hawezi kumgeuza kitandani wala kumpa dawa kwa saa zake. Lakini amana haimtoki. Suratul Israa imekataza hata mguno wa kuchoka na wazazi waliozeeka. Basi mwana atanyamazaje wakiteswa na wengine?

Na dhuluma ni namna nyingi. Iko ya kupiga, na ya matusi, na ya kula mali. Na iko ile isiyo na kelele, nayo ni kumwacha mzee na kiu na najisi, asigeuzwe hata mgongo ukafanya vidonda. Wako pia wanaowalaza kwa dawa ili wasisumbue, na sheria ya mwaka 1987 imelikataza hilo. Mwenye kuzuru na atazame, wala asifanye haraka kutuhumu, kwa kuwa ngozi ya mzee huvilia damu kwa kuguswa kidogo. Alama iliyo kubwa ni hofu. Mzee msemaji akinyamaza kila aingiapo mtumishi fulani, pana sababu. Naye hatasema upesi, maana humwogopa yule amlishaye. Akiulizwa hujibu kwamba alianguka. Basi aulizwe faraghani, kwa upole, tena zaidi ya mara moja. Hata aliyepotewa na kumbukumbu, neno lake lisidharauliwe.

Wala asizuru saa ile ile kila Jumapili, maana atangojewa, na mzee ataogeshwa kwa ajili yake. Sheria imewapa jamaa wa karibu ruhusa ya kuingia saa yoyote, maadamu mzee yu radhi. Aende wakati wa chakula, aende usiku.

Akiona la kumtia shaka, aandike siku na saa, na amtake daktari amtazame mzee. Penye hatari ya papo hapo aite polisi kwa simu 911. Kisha ampashe habari mkuu wa nyumba, ambaye sheria yamlazimu kuifikisha tuhuma ya mateso kwa serikali ya jimbo upesi, usipite muda wa saa 2, na kumkinga mzee wakati wa uchunguzi. Asikome hapo, kwani mkuu huchelea sifa ya nyumba yake. Apeleke habari mwenyewe kwa ofisi ya jimbo ikaguayo nyumba hizo, na kwa mtetezi wa wakaaji, aitwaye huko ombudsman, ambaye kila jimbo linaye wala hatozi kitu. Na nyumba haina ruhusa ya kumfukuza mzee kwa kuwa ameshtaki.