Ushuru wa Mauzo au wa Faida? Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kulipa

Mfanyabiashara aliyetundika kibali cha kaunti ukutani huenda akadhani amemalizana na mambo ya ushuru. Sivyo. Ada ya kibali hulipwa kaunti ili mtu aruhusiwe kufanya biashara mahali fulani. Ushuru wa mapato ni wa serikali ya kitaifa kwa mujibu wa Kifungu cha 209 cha Katiba, na hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA).

Ushuru unaowagusa wengi wenye biashara ndogo ni ule wa mauzo, maarufu kama TOT. Tangu Julai 1, 2023, unahusu biashara ambazo mauzo yake kwa mwaka yamezidi Sh1 milioni lakini hayajapita Sh25 milioni. Anayeuza chini ya takriban Sh2,700 kwa siku, mwaka mzima, hajafika hapo, ingawa akiwa na PIN bado anatakiwa kuwasilisha ritani yake ya mwaka kufikia Juni 30. Kiwango ni asilimia 3. Ritani na malipo ni kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuchelewa kuwasilisha ni faini ya Sh1,000, na kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, mbali na riba.

Asilimia 3 inasikika kuwa kidogo. Lakini ni asilimia 3 ya nini? Ni ya mauzo yote, kabla ya kuondoa bei ya kununulia bidhaa, kodi ya chumba wala nauli ya kuleta mzigo. Hapo ndipo wenye maduka huumia bila kujua.

Chukua mfano wa duka la rejareja linalouza unga, sukari na mafuta ya kupikia. Kwa mwezi linauza bidhaa za Sh300,000. Bidhaa hizo zilinunuliwa kwa Sh258,000, kwa hivyo kinachobaki ni Sh42,000. Mwenye duka analipa kodi ya chumba Sh12,000, usafiri Sh6,000, umeme na gharama nyingine ndogo Sh4,000. Faida yake ni Sh20,000. TOT ya mwezi huo ni Sh9,000, karibu nusu ya faida yenyewe. Kwa mwaka atakuwa amelipa Sh108,000.

Sheria inamruhusu mtu huyu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki kuwa chini ya TOT. Akifanya hivyo atatozwa ushuru wa kawaida, unaohesabiwa kwa faida. Faida yake ya mwaka ni Sh240,000. Kiwango cha kwanza ni asilimia 10, yaani Sh24,000. Kila mkaazi anayelipa ushuru hupewa punguzo la kibinafsi la Sh2,400 kwa mwezi, sawa na Sh28,800 kwa mwaka. Ikiwa hana mapato mengine, hatadaiwa chochote.

Hata hivyo, si kila mtu anafaa kukimbia TOT. Mwenye saluni anayepata Sh150,000 kwa mwezi na kubaki na faida ya Sh90,000 hulipa TOT ya Sh54,000 kwa mwaka. Kwa ushuru wa kawaida angelipa zaidi ya Sh230,000. Biashara yenye faida nyembamba na yenye faida nono hazifai kufuata ushauri mmoja, hata kama milango yao inatazamana sokoni.

Anayechagua ushuru wa faida lazima aweze kuonyesha gharama zake. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi na KRA, kwa hivyo daftari pekee halitoshi: mwenye duka aitishe ankara kwa muuzaji wa jumla kila anaponunua, na kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka mitano.

Kosa linalojirudia ni kuchanganya pesa. Nambari ya till ya duka inapopokea mkopo, mchango wa mazishi na karo iliyotumwa na shangazi, mauzo yanaonekana makubwa kuliko yalivyo, na mwenyewe hushindwa kueleza tofauti. Nambari moja iwe ya biashara tu. Na mwenye duka anapochukua unga wa nyumbani kutoka kwenye rafu, auandike.

Vikundi vina tatizo la aina hiyo hiyo. Michango ya wanachama ikipitia simu ya mweka hazina, huonekana kama mapato yake binafsi. Akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja huondoa utata huo. Mashirika ya hisani yaliyopewa cheti cha msamaha wa ushuru wa mapato nayo hayajaondolewa kila wajibu. Bado yanawasilisha ritani, na yakiajiri, yanakata PAYE kwenye mishahara.

Anayetaka kubadilisha mfumo atafika katika ofisi ya KRA au kituo cha Huduma Centre kilicho karibu akiwa na kitambulisho, PIN, hesabu ya mauzo na matumizi ya miezi 12 iliyopita, na barua yake kwa Kamishna. Ni vyema abaki na nakala iliyopigwa muhuri, na aendelee kulipa TOT mpaka apate majibu.