Gegedu la Goti Likichanika: Lishonwe, Likatwe au Liachwe?

Mgonjwa anapoambiwa kuwa gegedu la goti lake limechanika, mara nyingi swali lake la kwanza huwa bei ya upasuaji. Tunamshauri atangulize swali jingine: baada ya miaka mitano au kumi, goti hili litakuwa na hali gani?

Kila goti lina vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo husambaza uzito kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Mwaka 1948 daktari Mwingereza, T. J. Fairbank, alionyesha kwa picha za eksirei mabadiliko yanayolipata goti lililoondolewa kipande hicho. Kadiri sehemu inayokatwa inavyokuwa kubwa, ndivyo hatari ya goti kusagika inavyoongezeka.

Kushona
Mchaniko wa ghafla, ulio kwenye ukingo wa nje unaofikiwa na damu, huweza kuunga, na gegedu likasalimika. Hata hivyo, kupona huchukua miezi kadhaa, na katika kipindi cha zaidi ya miaka mitano, mshono hushindwa kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano.

Kukata
Nafuu huja mapema, lakini si kwa kila mtu. Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wagonjwa 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65, ambao gegedu lao lilichanika kwa uchakavu. Baadhi yao walikatwa. Wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Baada ya mwaka mmoja, na hata baada ya mitano, waliokatwa hawakuwa na nafuu zaidi ya wenzao. Kwa wagonjwa wa namna hii, mazoezi ya tiba ndiyo mwanzo unaofaa.

Kabla ya kulipa, uliza:
1. Je, mchaniko umetokana na ajali au uchakavu?
2. Je, unaweza kushonwa? Kama hauwezi, ni kwa nini?
3. Nikianza na mazoezi kwa miezi mitatu, nitapoteza nini?
4. Je, gharama inajumuisha mazoezi ya baada ya upasuaji?

Majibu yasipokuridhisha, tafuta maoni ya daktari wa pili. Lakini goti lililokwama lisiweze kunyooka halingoji: muone daktari wa mifupa bila kuchelewa.