Uzito wa Mazoezi Nyumbani: Chuma, Zege na Kanuni ya Wenzo

Kijana anayetaka kuimarisha misuli yake, naye hana fedha za kutosha, huanza kwa kutazama bei ya vyuma vya mazoezi dukani, akarudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye huokota makopo mawili ya rangi, akayajaza zege, akayaunganisha kwa bomba la maji, akaanza kunyanyua. Njia hii imeenea sana katika mitaa ya miji ya Afrika Mashariki, wala haistahili kudharauliwa. Hata hivyo ina kasoro moja isiyoonekana kwa macho, ambayo mwanafunzi yeyote aliyesoma kanuni ya momenti aweza kuigundua kwa kalamu na karatasi kabla haijamuumiza bega. Kwanza yafaa kueleza ni kitu gani hasa msuli unachokihitaji, maana anayenunua vifaa pasipo kulijua jambo hilo hununua rangi na sifa.

Msuli hautambui chuma, mchanga wala maji. Unachokitambua ni kani unayotakiwa kuishinda. Tuseme mtu ameshika uzito wa kilo 10, kiwiko kimekunjwa kwa pembe ya nyuzi 90. Uzito huo ni sawa na nyutoni 100 hivi. Kutoka kiwiko hadi kiganja ni kama sentimita 35, ilhali msuli wa mbele wa mkono umejishikiza kwenye mfupa sentimita 5 hivi tu kutoka kiwiko. Kiwiko ndicho egemeo. Basi nyutoni 100 zikizidishwa kwa 35 hapana budi zilingane na kani ya msuli ikizidishwa kwa 5. Kwa hiyo kani ya msuli ni nyutoni 700, na hapo uzito wa mkono wenyewe bado haujahesabiwa. Mkono ni wenzo unaopoteza kani ili upate mwendo. Ndiyo maana mzigo unaoonekana mdogo hutosha kuufanyisha msuli kazi kubwa.

Jambo la pili ni kuongeza mzigo kidogo kidogo. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu askari mjini Chicago, alichapisha taarifa ya namna alivyorudisha nguvu za misuli ya wagonjwa wake kwa kuwapa uzito mkubwa ulioongezwa kadiri walivyopata nafuu. Kabla ya hapo desturi ilikuwa ni kumpa mgonjwa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi mno. Utafiti wa karibuni umeongeza jambo linalowafaa wenye mfuko mdogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, vijana waliofanya mazoezi ya miguu kwa asilimia 30 tu ya uzito wao wa juu kabisa, wakirudia mpaka wachoke kabisa, walipata unene wa msuli uliokaribiana na wa wale waliotumia asilimia 80. Waliotumia uzito mkubwa waliwazidi katika nguvu za kuinua mara moja. Basi mzigo mdogo nao una faida yake, ila hauwezi kufanya yote.

Kifaa cha kwanza, kwa hiyo, hakina bei. Mtu anayefanya pushapu hubeba kwa mikono yake karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili, kwa sababu sehemu iliyobaki hubebwa na vidole vya miguu. Akiweka mikono juu ya benchi mzigo hupungua. Akiinua miguu juu ya benchi huongezeka. Akining'inia kwenye mti na kujivuta juu, hubeba karibu mwili mzima. Kasoro ya mwili ni kwamba mwenyewe hawezi kuuongezea kilo 2 leo na kilo 2 nyingine mwezi ujao. Hapo ndipo makopo ya zege yanapopata kazi.

Zege la kawaida lina densiti ya kilo 2.4 hivi kwa lita. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa vizuri huwa na kilo 9.6. Lakini ni nadra makopo mawili yaliyojazwa uani kulingana. Moja lilishindiliwa kwa kijiti, jingine likabaki na matundu ya hewa. Moja lilipata kokoto nyingi, jingine mchanga. Si ajabu moja likawa na kilo 9 na jingine kilo 11. Wengi husema tofauti ya kilo 2 si kitu. Hesabu inakataa.

Chukua bomba lenye uzito wa kilo 4, na kila kopo liwe sentimita 70 kutoka katikati ya bomba. Mzigo wote ni kilo 24. Mnyanyuaji ameshika mikono yake sentimita 25 kila upande wa katikati. Tukipima momenti kutoka katikati ya bomba, kilo 2 zilizozidi upande mmoja hufanya kazi kwa umbali wa sentimita 70, ilhali mikono hujibu kwa umbali wa sentimita 25 tu. Tofauti baina ya mikono ni 2 mara 70 gawa kwa 25, yaani kilo 5.6. Mkono mmoja unabeba kilo 14.8 na mwingine kilo 9.2! Tofauti ambayo mizani ilionyesha kuwa ni kilo 2 imekaribia kuongezeka mara tatu ilipofika mikononi, na kadiri mikono inavyokaribiana ndivyo inavyozidi. Mtu huyo akinyanyua juu ya kichwa mara 30 kila jioni, bega moja linafanya kazi ambayo mwenyewe hajaikusudia, na uti wa mgongo unapinda ili kusawazisha.

Huenda mwanafunzi mwerevu akasema kwamba yatosha kusogeza mikono yote miwili sentimita 6 hivi kuelekea kopo zito, ili kitovu cha uzito kiwe katikati ya mikono. Ni kweli, na yafaa athibitishe mwenyewe. Lakini siku bomba litakapoinuliwa likiwa limegeuzwa, kosa litakuwa maradufu. Dawa ni mizani. Makopo yapimwe zege likiwa bichi, na yapimwe tena yakikauka, kwa kuwa maji hupotea. Kopo jepesi lifungiwe vipande vya chuma mpaka yalingane.

Zege lenyewe litunzwe na unyevu kwa muda wa juma moja, na lisitumiwe kwa kishindo kabla ya siku 28. Huhimili kugandamizwa vizuri, lakini linapovutwa nguvu zake ni kama sehemu moja ya kumi tu, na ndiyo sababu hupasuka likiangushwa. Waya uliosukwa ukitangulizwa ndani ya kopo husaidia. Bomba nalo litobolewe na kupitishiwa msumari mnene ndani ya zege, la sivyo kopo litachomoka siku moja likiwa juu ya kichwa cha mtu.

Kuna hatari moja ambayo zege haliwezi kuiondoa. Anayelala chali na kusukuma chuma chenye sahani za kuvuliwa, akizidiwa, na kama hakufunga vibano, aweza kukiinamisha upande mmoja sahani zikamwagika. Makopo hayavuliwi. Tena kopo la lita 4 lina nusu-kipenyo cha sentimita 8 au 9, hali kifua cha mtu mzima kina unene wa zaidi ya sentimita 20. Hata akilala sakafuni, makopo hayatagusa chini, bali bomba litamlalia kifuani au shingoni. Zoezi hili lisifanywe kwa makopo bila mwenzi wa kusaidia.

Akipata fedha kidogo, mtu anunue nini? Katika maduka ya vitu vilivyotumika huonekana mashine zenye kamba na makapi, zinazovutia sana. Kapi linalotembea pamoja na mzigo hupunguza kani kwa nusu, hivyo namba iliyoandikwa kwenye chuma si lazima iwe mzigo unaoufikia mkono. Na msuguano humzuia mtu anapoinua, kisha humsaidia anapoteremsha, jambo ambalo ni kinyume cha anachokitaka. Fedha hizo zingefaa zaidi kununua fimbo moja ya chuma na sahani chache.

Tazama hesabu yake. Fimbo ya kilo 20, pamoja na jozi moja moja za sahani za kilo 1.25, 2.5, 5 na 10, hutoa mizigo 16 tofauti, kutoka kilo 20 hadi 57.5, kila hatua ikiwa kilo 2.5. Ni hesabu ile ile ya namba za msingi wa mbili. Jumla ya chuma chote ni kilo 57.5. Kama kila mzigo ungekuwa na fimbo yake iliyokwisha tengenezwa, zingehitajika kilo 620 za chuma. Tahadhari iwe kwenye tundu: fimbo za mashindano zina ncha za milimita 50, na nyingi za bei nafuu zina milimita 25 hivi. Anayenunua sahani bila kubeba rula hujikuta na chuma kisichoingia popote.

Darasani, somo hili halihitaji chuma hata kidogo. Mizani mbili za kupimia watu, kila moja chini ya mkono mmoja, na mwanafunzi akae katika mkao wa pushapu, mikono imenyooka. Wenzake wasome mizani zote mbili, wajumlishe, kisha wagawe kwa uzito wake. Halafu aweke miguu juu ya kiti, wasome tena, na waeleze kwa mchoro wa wenzo kwa nini namba zimebadilika.