Upana wa Bomba la Moshi katika Motokaa yenye Tabo

Bomba la moshi likishaoza kwa kutu, mwenye motokaa humwendea fundi wa kuchomelea, na hapo huulizwa swali moja: liwekwe bomba la inchi ngapi? Wapo mafundi watakaomshauri aweke jembamba, kwa kuwa, wasemavyo, injini isiyopata kizuizi hupoteza nguvu. Wapo na vijana, hasa wenye Subaru za tabo zinazopendwa mno nchini Kenya, watakaotaka bomba pana ili motokaa ingurume. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini ni nadra kuona yeyote kati yao akishika kalamu na kupiga hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma sheria za gesi anaweza kuifanya kwa nusu saa, na jibu lake humwokolea mwenye motokaa fedha, petroli, na pengine injini nzima.

Kazi ya tabo

Injini ya kawaida huvuta hewa kwa mshuko wa pistoni peke yake. Mwaka 1905 mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya mpango wa kutumia nishati ya moshi, ambayo vinginevyo hutupwa hewani, ili kuisukumia injini hewa zaidi. Mpango huo ndio asili ya tabo. Magurudumu mawili yenye mapanga hufungwa katika ncha mbili za mhimili mmoja. La kwanza, liitwalo tabini, huzungushwa na gesi zitokazo katika silinda. La pili, yaani kompresa, hushindilia hewa iendayo ndani ya silinda. Injini kubwa za dizeli za meli zilinufaika mapema. Katika motokaa ndogo tabo ilivuma zaidi baada ya kampuni ya Saab ya Uswidi kuonyesha gari lake la 99 Turbo mwaka 1977.

Tabini huzunguka kwa sababu kanieneo ya gesi kabla yake ni kubwa kuliko kanieneo baada yake. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba kazi ambayo kila kilo ya gesi huifanya haitegemei tofauti ya kanieneo hizo mbili, bali uwiano wake, pamoja na halijoto ya gesi. Katika neno hilo moja, uwiano, ndimo limo shauri zima la upana wa bomba.

Imani ya kizuizi ilikotoka

Katika injini isiyo na tabo, moshi hautoki kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mipigo: kila vali ifungukapo, wimbi la kanieneo hukimbia ndani ya bomba, na lifikapo mahali bomba linapopanuka au linapokwisha, hurudi likiwa wimbi la kanieneo ndogo. Likirudi wakati ufaao, hunyonya mabaki ya moshi katika silinda. Bomba lililo pana mno huyadhoofisha mawimbi hayo na kupunguza mwendo wa gesi, na injini huonekana kulegea katika mizunguko ya chini. Mafundi waliliona jambo hilo kwa macho yao, wakalipa sababu isiyo yake. Kilichoisaidia injini ni majira ya mawimbi, wala si kizuizi.

Katika motokaa yenye tabo, mawimbi hayo huvunjwavunjwa na mapanga ya tabini. Gesi itokayo upande wa pili hutiririka karibu kwa utulivu, na bomba lililobaki halina wimbi la maana la kulitunza. Kazi yake ni kuutoa moshi nje na kupunguza kelele, basi.

Hesabu ya mfano

Ichukuliwe injini ya petroli ya silinda 4 na ujazo wa lita 2, izungukayo mara 6,000 kwa dakika. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo injini humeza lita 1 kila mzunguko, yaani lita 100, au mita za ujazo 0.1, kila sekunde. Tabo ikishindilia hewa hadi kilopaskali 182, na kipoozahewa kikaishusha hadi nyuzi 50 za Selsiasi, densiti yake huwa takriban kilo 1.97 kwa mita ya ujazo. Silinda hazijai kabisa. Zikijaa asilimia 90, injini hupokea kilo 0.177 za hewa kila sekunde. Petroli ikiongezwa, gesi zitokazo ni karibu kilo 0.19 kwa sekunde.

Gesi hizo, baada ya tabini, ziwe na nyuzi 750, yaani kelvini 1,023. Katika kanieneo ya hewa ya pwani, ambayo ni kPa 101, densiti yake ni kilo 0.345 tu kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo bomba hupitisha mita za ujazo 0.55 kila sekunde. Hewa ile ile, ilipoingia katika kisafisha hewa ikiwa na nyuzi 27, ilikuwa mita za ujazo 0.15. Hapa ndipo wengi hukosea: huutazama mpira wa kuingizia hewa wakadhani bomba la upana uo huo litatosha upande wa pili, ilhali joto limeikuza gesi zaidi ya mara tatu na nusu.

Mwendo wa gesi hupatikana kwa kugawanya ujazo huo kwa eneo la mkato wa bomba. Ama kanieneo inayopotea, hukua kwa kadiri ya nusu ya densiti ikizidishwa kwa mraba wa mwendo. Ikichukuliwa kwamba kona, katalaiza na sailensa kwa jumla hupoteza mara 3 ya kiasi hicho, na kupoa kwa gesi njiani kukiachwa kando, matokeo ni haya:

Kipenyo mm 50: mwendo mita 280 kwa sekunde; hasara kPa 40.
Kipenyo mm 63: mwendo mita 176, hasara kPa 16.
Kipenyo mm 76: mwendo mita 121, hasara kPa 8.
Kipenyo mm 90: mwendo mita 86, hasara kPa 4.

Mwanafunzi na aangalie jinsi hasara inavyoporomoka. Eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, na hasara hupungua kwa mraba wa eneo. Hivyo hasara hufuata kipeo cha nne cha kipenyo. Darasani jambo hili huonyeshwa bila gharama. Mwanafunzi ajaze mfuko wa plastiki kwa kupuliza kupitia mrija wa soda, kisha kupitia bua la jani la mpapai lenye urefu ule ule, na mwenzake apime muda kwa saa. Mashavu yake yatamfundisha kabla ya saa.

Sasa turudi kwenye uwiano. Iwapo tabini, ili kushindilia hewa ile, hudai kanieneo kabla yake iwe kPa 220 wakati bomba ni la mm 76, basi baada yake kuna 101 na 8, yaani kPa 109, na uwiano ni takriban 2.02. Likifungwa bomba la mm 50, baada ya tabini kutakuwa na kPa 141. Kazi inayodaiwa haijapungua, kwa hiyo kanieneo kabla ya tabini hupanda hadi kPa 285. Kila kilopaskali iliyoongezwa baada ya tabini imedai mbili kabla yake. Pistoni zinazofukuza moshi sasa hupambana na kPa 65 zaidi, na 65 zikizidishwa kwa mita za ujazo 0.1 kila sekunde, injini hupoteza kilowati 6.5 kwa kujisukuma yenyewe. Kibaya zaidi, moshi wa moto hubaki katika silinda, mchanganyiko mpya huingia ukiwa umekwisha pata joto, na injini huanza kugonga.

Kutoka mm 50 hadi 63 huokolewa kilowati 4.9, kutoka 63 hadi 76, kilowati 1.6, kutoka 76 hadi 90, chini ya kilowati 1. Bomba la 90 ni zito, hukwaruza matuta ya barabarani, na sailensa yake ni ghali. Kwa injini hii, basi, bomba la 76 ni chaguo jema, na la 63 lamtosha mwenye motokaa asiyefikia mizunguko 6,000 ila kwa nadra. Anayeweka la 90 ananunua kelele.

Kabla ya tabini mambo hugeuka. Huko mawimbi yangali na nguvu, na Büchi mwenyewe mwaka 1925 alipata hataza ya kutumia mabomba membamba yaliyotengwa kwa makundi ya silinda ili mipigo ifike ikiwa hai. Kupanua njia hiyo ni kuizimua nishati kabla haijafanya kazi, na tabo huchelewa kuamka.

Tena, anayepanua bomba nyuma hana budi kuangalia geji ya tabo. Kuna kijilango ambacho huipitisha gesi ya ziada kando ya tabini ili tabo isizidi kipimo. Njia ikiwa wazi zaidi, tabini hupata uwiano mkubwa, na kijilango kilicho kidogo huenda kikashindwa. Kanieneo ya hewa hupanda pasipo kutakiwa, na pistoni huweza kutoboka.

Zoezi

Hesabu ya hapo juu ni ya pwani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni takriban kPa 83. Ikiwa tungamo la gesi ni lile lile, densiti katika bomba hupungua, mwendo huongezeka, na hasara huzidi kwa uwiano wa 101 kwa 83: bomba la mm 50 hupoteza kPa 49, na la 76 kPa 9. Baada ya tabini, basi, kuna kPa 132 kwa bomba jembamba na 92 kwa lile pana. Dar es Salaam bomba jembamba hupandisha kanieneo kabla ya tabini kwa asilimia 29; Nairobi, kwa zaidi ya asilimia 40. Wanafunzi wa Iringa, Arusha na Eldoret watafute kimo cha mji wao, wasome kanieneo ya hewa yake, na wakokotoe asilimia yao wenyewe.