Elimu ya Habari katika Sekondari za Mbeya na Iringa: Maswali na Majibu

Je, habari ni somo linalojitegemea katika shule za sekondari nchini Tanzania?

Kwa miaka mingi maarifa kuhusu vyombo vya habari yamekuwa yakipenyezwa ndani ya masomo ya lugha badala ya kupewa kipindi chake. Muhtasari wa Kiingereza wa mwaka 2005 ulikuwa na mada ya kuchambua taarifa za vyombo vya habari, na Kiswahili nacho hufundisha utungaji wa aina mbalimbali, lakini mada hizo mara nyingi hufundishwa kwa haraka ili kupisha fasihi na sarufi. Mtaala mpya, ambao ulianza kutekelezwa Januari 2024, umeigawa elimu ya sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani ule wa stadi za kazi. Kenya imekwenda hatua nyingine kwa kuiweka teknolojia ya vyombo vya habari miongoni mwa masomo ya kuchagua katika sekondari ya juu.

Kilichopo Mbeya na Iringa, kama kwingineko nchini, ni shughuli za nje ya darasa. Shirika la Femina Hip, lililoanza mwaka 1999, limesambaza jarida la Fema bila malipo katika shule za sekondari na kuhimiza wanafunzi waunde klabu za kulisoma na kulijadili. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, ila klabu humfikia aliyekwisha kuvutiwa, na wale wasiojiunga, ambao ndio wengi, hubaki wasikilizaji wasiouliza.

Mwanafunzi asiyekusudia kuwa mwandishi wa habari anahitaji elimu hii kwa sababu gani?

Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni pamoja na haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na ya jamii. Haki hiyo humfaa kidogo mtu asiyeweza kutofautisha habari na tangazo lililolipiwa. Hata Azimio la Grünwald, lililotolewa mwaka 1982 chini ya mwavuli wa UNESCO, lilizihimiza nchi zifundishe vyombo vya habari kwa ajili ya raia wote, si kwa ajili ya wanataaluma peke yao.

Shule isiyo na kamera wala studio ianzie wapi?

Ianzie kwenye redio, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa vituo: Iringa ina Ebony FM, Mbeya ina Bomba FM, na Rungwe ina Chai FM, ambayo ni redio ya jamii, yaani kituo kinachoanzishwa kwa ajili ya wakazi wa eneo fulani na kuzungumzia mambo yao. Mwalimu aliyerekodi taarifa moja ya habari kwa simu yake anayo malighafi ya vipindi kadhaa.

Ichukuliwe, kwa mfano, habari ya bei ya mahindi au ya viazi mviringo, ambayo watoto wengi wa mikoa hii wanaifahamu kutoka nyumbani. Wanafunzi waisikilize mara ya kwanza bila kuandika, kisha mara ya pili waorodheshe vyanzo, yaani watu au nyaraka zilizotoa maelezo: je, amesikika ofisa kilimo tu, au mnunuzi pia, na mkulima yuko wapi? Kutoka hapo wataingia katika uteuzi wa habari, ambao ni maamuzi ya chumba cha habari kuhusu lipi litangulie na lipi liachwe, na watagundua kwamba taarifa inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno na bado ikampotosha msikilizaji kwa kumnyamazisha mhusika mkuu. Hatua ya mwisho, ambayo haipaswi kurukwa hata kama muda ni mfinyu, ni kuiandika upya habari hiyo baada ya kumhoji mkulima wa jirani, kwa sababu mwanafunzi huelewa ugumu wa uhariri anapolazimika yeye mwenyewe kukata sentensi anazozipenda.

Je, ni sahihi kufundisha tukio zito kama kifo cha Daudi Mwangosi?

Ni sahihi, na kwa shule za Iringa kulikwepa kungekuwa hasara. Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa huo, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini wakati polisi walipowatawanya wafuasi wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari polisi mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kabla ya hapo kamati iliyoundwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na uchunguzi wa Baraza la Habari pamoja na Jukwaa la Wahariri zilitoa taarifa zilizotofautiana katika mkazo na hitimisho. Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, kuzilinganisha taarifa hizo, kwa kutazama nani alihojiwa na ushahidi gani ulipewa uzito, ni zoezi ambalo kitabu cha kiada hakiwezi kulitoa. Picha za mauaji hazihitajiki darasani.

Simu haziruhusiwi katika shule nyingi. Mitandao ya kijamii itafundishwaje?

Itafundishwa kwa kujadili visa vilivyokwisha kutokea. Oktoba 2016 ilisambaa mitandaoni video iliyoonyesha walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi wa shule moja ya kutwa jijini Mbeya, na Serikali ikachukua hatua kwa sababu ya picha hizo. Bila video, ukatili huo huenda ungebaki ndani ya kuta za ofisi. Lakini video hiyohiyo ilimwanika mtoto mbele ya taifa zima. Mjadala kuhusu mambo hayo mawili hauhitaji simu hata moja. Mwalimu ataongeza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, jambo ambalo vijana wengi hulijua wakiwa wamekwisha kubonyeza.

Anayetaka kuwa mwandishi wa habari afuate njia gani?

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali cha kitaaluma, na kanuni za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Mhitimu wa kidato cha nne anaweza kuanza na astashahada na kupanda, au akaendelea hadi shahada, ambayo Chuo Kikuu cha Iringa kimekuwa kikiitoa katika uandishi wa habari tangu kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini. Ufaulu mzuri wa Kiswahili na Kiingereza utamsaidia kuliko kamera ya gharama.